Usiuze Habari za Afya, Uza Ustadi

Haupiti mwezi bila mtu kuniomba nimtengenezee tovuti ya kuuza masomo ya kuishi kwa afya. Jambo la kwanza analolitaja ni video.

Jamani, habari zenyewe ni za bure. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, na afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Nani atalipa shilingi elfu tano kuambiwa hayo?

Kinachouzika ni ustadi: kupika sukuma wiki kwa chumvi kidogo na watoto bado wakaimaliza. Huo unataka kujaribu kila siku, na mwalimu wa kukuuliza jana ulipikaje.

Basi ushauri wangu kama mwandika programu ni huu: anza na ujumbe mfupi wa simu, si video zinazomaliza bando. Toza kwa wiki kupitia M-Pesa, tuliyonayo tangu 2007. Asiyenufaika hatalipa wiki ijayo, na mwalimu atajua mapema kwamba somo halifai.

Tena usikusanye yasiyokuhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kama unafundisha mapishi, kipimo cha presha ya mtu unakihifadhi cha nini?

Mwanafunzi mmoja ambaye upishi wake umebadilika atakuletea majirani zake. Au mwaonaje?