Vitu visivyotambulika angani: Utafiti upo, lakini nani anaweza kuusoma?

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa karibu mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Hakuna aliyeumia. Siku mbili baadaye Shirika la Anga la Kenya lilitoa taarifa kwamba, kwa uchunguzi wa awali, hiyo ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida vyuma vya aina hiyo huungua vikirudi duniani, au huangukia baharini.

Roketi ya nani? Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Wiki chache baadaye mhadhiri wa chuo kikuu cha Delft nchini Uholanzi, Marco Langbroek, aliandika mtandaoni kwamba siku hiyohiyo kulikuwa na kipande cha roketi ya Ulaya aina ya Ariane, iliyorushwa mwaka 2008, kilichokuwa kinarudi duniani, na njia yake ilipita juu ya Kenya. Hiyo ni dhana yake, si hukumu. Lakini angalia alitumia nini. Hakutumia siri yoyote. Alitumia orodha ya setilaiti na vyuma vinavyoizunguka dunia, ambayo jeshi la Marekani huiweka wazi kwa yeyote anayejisajili, pamoja na hesabu ambazo mtu mwingine anaweza kuzirudia na kumwambia amekosea.

Mkasa huo mdogo unaonyesha kwa nini tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kama mzaha: utafiti wa kisomi kuhusu vitu visivyotambulika angani, vile ambavyo dunia nzima inaviita UFO. Utafiti huo upo, na unaongezeka. Swali ni kama mtu mwenye simu na bando la wiki anaweza kuufikia, au ataishia kwenye video za TikTok zenye muziki wa kutisha.

Kufuli tatu

Kwanza kuna bei. Mtafiti anapomaliza kazi yake huipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Wataalamu wenzake huipitia, mara nyingi bila malipo, kisha mchapishaji huiuza. Makala moja ya kurasa kumi inaweza kukugharimu dola 30 au zaidi, yaani zaidi ya shilingi 70,000 za Tanzania au karibu 4,000 za Kenya. Msimu wa mavuno mazuri, fedha hizo zinakaribia bei ya gunia la mahindi. Wanafunzi wa vyuo vikuu tajiri hawaioni bei hiyo kwa sababu maktaba zao zimeshalipa. Wewe unaiona.

Mambo yamekuwa yakibadilika. Tangu mwaka 1991 wanafizikia wamekuwa wakiweka rasimu za kazi zao bure kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo arXiv. Agosti 2022 Ikulu ya Marekani iliagiza kwamba utafiti wote unaolipiwa na fedha za serikali kuu ya nchi hiyo usomwe bure mara tu unapochapishwa, na idara zote ziwe zimetekeleza ifikapo mwisho wa 2025. Agizo hilo halikutolewa kwa ajili ya UFO, lakini linazihusu pia.

Kufuli la pili ni siri. Mengi yanayojulikana kuhusu vitu hivi yameonwa na marubani wa kijeshi na kunaswa na kamera za kijeshi. Jopo la wataalamu 16 lililoundwa na shirika la NASA, chini ya mwanafizikia David Spergel, lilieleza jambo ambalo wengi hawalifikirii: mara nyingi picha hufichwa kwa sababu ya kamera iliyoipiga, wala si kwa sababu ya kitu kilichoonekana. Jeshi halitaki adui ajue kamera yake inaona mbali kiasi gani. Njiwa akipigwa picha kwa kamera ya siri, picha ya njiwa nayo inakuwa siri.

La tatu ni aibu, na kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi, maana halina sheria ya kulifungua. Mwaka 2023 watafiti watatu walichapisha matokeo ya kuwahoji wahadhiri 1,460 katika vyuo vikuu 144 vya Marekani. Karibu mmoja katika kila watano alisema yeye mwenyewe, au mtu wake wa karibu, amewahi kuona kitu angani asichoweza kukieleza. Hao ni wasomi, na wengi wao hawajawahi kuliandika neno hata moja juu yake. Makala hiyo, kwa bahati nzuri, imo katika jarida la bure.

Mlango ukifunguliwa

Serikali zilianza kufungua makabati yake zamani kidogo. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 hadi lilipofunga mradi wake wa Blue Book mwaka 1969, na 701 kati ya hizo zilibaki bila maelezo. Majalada yake yako katika Nyaraka za Taifa na nakala zake zinasomeka mtandaoni. Uingereza ilitoa majalada ya wizara yake ya ulinzi kwa awamu kati ya mwaka 2008 na 2013. Desemba 2023 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka idara za serikali kukabidhi kumbukumbu zao za mambo haya kwa Nyaraka za Taifa ili ziwekwe wazi.

Ufaransa ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Shirika lake la anga, CNES, lina ofisi mjini Toulouse inayopokea taarifa za wananchi tangu mwaka 1977, na mwaka 2007 iliweka visa vyake mtandaoni. Kila kisa kimepewa herufi. A ni kilichotambulika kabisa, B kinachoelekea kutambulika, C kisicho na taarifa za kutosha, na D kilichochunguzwa vizuri kikashindikana. Visa vya D ni asilimia chache tu. Kundi la C ni kubwa mno kuliko hilo. Kwa maneno mengine, mengi tunayoyaita maajabu ni taarifa pungufu: shahidi hakukumbuka saa, hakujua alikuwa akitazama upande gani, au picha ilikuwa na ukungu.

Lakini kusoma bure peke yake hakutoshi. Faida ya kweli inaonekana pale namba zenyewe zinapowekwa wazi.

Chukua video ya GOFAST, iliyopigwa na ndege ya kivita ya Marekani mwaka 2015 na kutolewa rasmi na Pentagon mwaka 2020. Kitu kidogo cheupe kinaonekana kikikimbia juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Imezunguka kwenye simu duniani kote kama ushahidi wa chombo kisicho cha binadamu. Video hiyo, hata hivyo, ina namba pembeni ya kioo: urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari, umbali wa kitu, na pembe ya kamera. Ripoti ya jopo la NASA, iliyotolewa bure Septemba 2023, ilizipigia hesabu namba hizo. Kitu hakikuwa karibu na maji. Kilikuwa kilomita nne juu, kikienda wastani wa kilomita 64 kwa saa. Ni kasi ya upepo wa huko juu. Aliyekuwa akienda mbio ni rubani. Ukiwa ndani ya basi miti ya kando ya barabara hukimbia kurudi nyuma, ingawa imesimama palepale.

Hesabu hiyo ni ya kiwango cha sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye kikokotoo anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Kama namba zingefichwa, tungebaki na maneno ya rubani dhidi ya maneno ya serikali.

Mfano wa pili haujaisha, na ndiyo maana ni mzuri zaidi. Mwanafalaki Beatriz Villarroel na wenzake wamekuwa wakichunguza picha za anga zilizopigwa kwenye vioo katika kituo cha Palomar, California, kabla ya Oktoba 1957, wakati binadamu hajarusha setilaiti hata moja. Katika picha hizo kuna vidoa vya mwanga vinavyofanana na nyota, vilivyoonekana mara moja na kutoweka. Oktoba 2025 yeye na Stephen Bruehl walichapisha makala katika jarida la bure wakisema vidoa hivyo vilikuwa vingi zaidi katika siku zilizokaribiana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Habari hiyo ilienea haraka. Waliosambaza hawakutaja kwamba mwaka mmoja kabla, wataalamu wengine wawili, Hambly na Blair, walikuwa wamechapisha, pia bure, kwamba baadhi ya vidoa vya namna hiyo vinaelekea kuwa kasoro za dawa ya picha iliyopakwa kwenye kioo.

Nani yuko sahihi? Mimi naona hoja ya kasoro za kioo ina uzito, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai jambo kubwa. Ila usinisadiki mimi. Makala zote mbili zinafunguka bila malipo, na picha za Palomar zenyewe zilishaingizwa kwenye kompyuta na ziko wazi. Ubishi umewekwa uwanjani.

Bure si sawa na kweli

Kuna tahadhari mbili ambazo watetezi wa elimu ya bure hawapendi kuzisema kwa sauti.

Ya kwanza: kama msomaji halipi, mara nyingi mwandishi ndiye anayelipa. Majarida makubwa ya bure hutoza zaidi ya dola 2,000 kwa makala moja. Wapo wachapishaji walioona biashara hapo na sasa huchapisha chochote ili mradi fedha iingie. Na hifadhi kama arXiv huweka rasimu kabla hazijapitiwa na wataalamu wengine. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo chenye maneno “utafiti wa kisayansi umethibitisha”, tazama kwanza kama ni rasimu au imeshachapishwa, halafu tafuta kama kuna aliyeijibu.

Ya pili: watu husoma ukurasa wa kwanza tu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Colorado, kwa fedha za Jeshi la Anga, kilimaliza uchunguzi wa karibu miaka miwili chini ya mwanafizikia Edward Condon. Hitimisho lake, lililowekwa mwanzoni, lilisema kuendelea kuchunguza UFO hakuna faida kwa sayansi. Magazeti yalibeba hilo. Lakini ndani ya ripoti hiyo nene, sehemu kubwa kiasi ya visa vilivyochunguzwa ilibaki bila maelezo ya kuridhisha. Ripoti nzima sasa iko mtandaoni, na unaweza kupima kama hitimisho linaendana na visa.

Na lugha? Karibu yote niliyoyataja yako kwa Kiingereza au Kifaransa. Bei imeondolewa, lakini msomaji wa Makueni au Sumbawanga bado anasimama nje. Hapa vyuo vikuu vyetu na vyombo vya habari, redio zikiwemo, vina deni.

Ukiona kitu leo usiku

Ripoti ya NASA ilipendekeza programu za simu zitakazowawezesha watu wa kawaida kukusanya taarifa kwa pamoja. Simu yako ina saa, ramani, dira na kamera, yaani karibu kila kitu ambacho visa vya kundi la C huko Toulouse vilikosa.

Ukiona mstari wa taa nyingi zinazofuatana kimya kama siafu, hizo kwa kawaida ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zimekuwa zikionekana tangu mwaka 2019. Kwa kingine chochote, andika saa na dakika, upande ulikotazama na kilikoelekea, na kilidumu muda gani. Piga video ukiwa umeweka mti au paa la nyumba ndani ya picha, ili ukubwa na mwendo viweze kupimwa. Hifadhi video ya asili kwenye simu. WhatsApp huibana video na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, na mtaalamu hawezi tena kuitegemea.

Kikianguka chuma, usikiguse wala usiruhusu watoto wakisogelee, kwa sababu baadhi ya mafuta ya roketi ni sumu. Ita mwenyekiti wa kijiji au chifu, na polisi. Kipige picha kutoka mbali, hasa mahali penye namba au maandishi, kwani hizo ndizo zitakazosaidia kujua kimetoka wapi.