Dawa ya Mbu ya Kuchomeka Ukutani

Wengi wetu sasa tunacho kile kichupa cha dawa ya mbu kinachochomekwa kwenye soketi. Ndani mna utambi unaonyonya dawa; umeme huipasha moto ncha yake, dawa ikageuka mvuke. Mara nyingi dawa hiyo hutengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa Mbeya na Nakuru. Hushika mishipa ya fahamu ya mbu, naye hulegea na kuanguka.

Lakini umeme ukikatika saa nane usiku (nao hukatika!), mvuke hukoma, na hiyo ndiyo saa ya mbu wa malaria. Kwa hiyo mtoto asikose chandarua. Kichupa kikae mbali na pazia na mikono midogo, kwani dawa hiyo ikinywewa ni sumu.