Afya na Nyumba: Angani Mwili Hudanganya

Wengi wetu hudhani ya kuwa rubani huhitaji mambo mawili tu, ujuzi na ushujaa. Juma hili yafaa tulikumbuke jambo la tatu, nalo ni kuijua mipaka ya mwili wake. Neno hili lamhusu hasa mtu arushaye ndege ndogo kwa shughuli zake binafsi, kwani mara nyingi hana rubani wa pili wa kumsahihisha.

Tuanze na sikio. Ndani yake mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo, na kwa njia hiyo ubongo hupata habari kwamba mwili umegeuka. Lakini ndege ikizunguka kwa mwendo ule ule, baada ya sekunde 20 hivi majimaji huufuata mzunguko, na rubani huhisi kwamba anakwenda sawasawa, hali ndege imelala upande. Akiinyosha, huhisi kuwa sasa inalalia upande wa pili, naye huirudisha kule kule kwenye hatari. Mchana kweupe macho huyasahihisha makosa hayo kwa kutazama mahali mbingu zinapokutana na ardhi. Ndani ya wingu, au usiku penye ukungu, macho hayana msaada. Kilichobaki ni vipimo vya ndege.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasiozoea kuruka kwa kutegemea vipimo. Waliwazuia kuona nje, kana kwamba wameingia mawinguni. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege, na kwa wastani muda wao ulikuwa sekunde 178. Hata dakika 3 hazikutimia.

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, alikuwa akirusha ndege yake juu ya bahari karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Alikuwa na mkewe na dada wa mkewe, nao walikuwa na safari ya arusi ya jamaa. Palikuwa na giza na utusitusi. Kennedy alikuwa na leseni ya urubani, bali hakuwa na cheti cha kuruka kwa vipimo. Ndege ilitumbukia baharini na wote watatu wakafariki. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba rubani alipotewa na hisia ya mwelekeo, akashindwa kuitawala ndege.

Adui wa pili ni uhaba wa oksijeni. Kadiri ndege inavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Ubaya wake ni kwamba mtu hasikii maumivu. Pengine hufurahi na kujiona hodari, huku akili yake ikipungua. Sheria ya Marekani humtaka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 12,500, na wakati wote akipita futi 14,000. Kwetu, atakaye kuvuka kilele cha Rwenzori, chenye futi zaidi ya 16,700, hana budi kuichukua.

Na nyumbani je? Mafua huuziba mrija uunganishao sikio na koo, na ndege inaposhuka huleta maumivu makali. Dawa nyingine za mafua huleta usingizi. Kuhusu pombe, sheria hiyo ya Marekani humkataza rubani kuruka kabla hazijapita saa 8 tangu anywe. Mke, mume au mzazi ndiye ayaonaye mambo haya kabla ya mtu mwingine yeyote, pamoja na huzuni na usiku wa kukosa usingizi. Basi aseme, wala asimharakishe rubani kwa sababu wageni wanangoja. Kuahirisha safari si woga.

Askari hutii amri hata asipoipenda. Rubani naye na avitii vipimo vyake hata mwili unapompinga, kwani wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa.