Dola 150 za dosie ya Amerika: nani anakula pesa ya wakimbizi?

GOMA – Kijana amemaliza mwaka wa sita wa sekondari, diploma ya serikali iko mkononi. Kwao Masisi nyumba haiko tena. Jamaa imewapokea, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Ndipo anafika komisioneri na simu yenye picha za vyuo vya Marekani. Harvard inawalipia wenye alama za juu, anasema, mlete dola 150 tufungue dosie. Mama anauza vitenge alivyokimbia navyo, shangazi anachukua zamu yake ya likelemba mapema.

Huo ni wizi, na uitwe wizi.

Harvard haitoi ufadhili kwa sababu ya alama. Yale na Princeton pia hapana. Vyuo hivi vinamchagua mwanafunzi kwanza, kisha vinatazama mapato ya wazazi na kulipa kile wasichoweza: masomo, chumba, chakula. Harvard inachukua chini ya watu 5 katika kila waombaji 100, na hakuna komisioneri wa Goma mwenye kuongeza jina pale. Hata ada ya kuomba, familia isiyo na uwezo inaweza kuomba iondolewe, na inaondolewa. Ada ya SEVIS ya dola 350 pamoja na ile ya visa zinalipwa baada ya kukubaliwa na chuo. Basi zile dola 150 ni za nini?

Kuna ubaya mwingine uliofichika zaidi. Vyuo vingi vya Marekani, mgeni akiomba msaada wa pesa, nafasi yake ya kuingia inapungua. Visivyofanya hivyo ni vichache: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na vingine vya kuhesabika. Kwingine, mtoto wa tajiri wa Kinshasa na mtoto wa mkimbizi wenye alama sawa hawapimwi kwa mzani mmoja. Vyuo hivyo navyo viache kujisifu kwamba mlango uko wazi kwa dunia yote.

Komisioneri anajua hayo. Kwa hiyo kwenye fomu anajaza kwamba mtoto hahitaji msaada. Barua ya kukubaliwa inafika, watu wanapiga vigelegele, yeye anadai pesa ya pili. Halafu inakuja hesabu ya mwaka mmoja: zaidi ya dola 80.000. Ukishaingia bila kuomba msaada, vyuo vingi havikuruhusu kuuomba baadaye. Na neno la siri la emaili? Analo yeye.

Msaada wa kweli uko hapa hapa mtaani. Mwalimu aandike barua ya kumsifu mwanafunzi bila kudai kitu. Prefe ambaye shule yake ilichomwa aandike kwamba buletini zilipotea vitani. Fomu ina nafasi ya kueleza mambo kama hayo. Kuna maprefe wanaouza sahihi kwa watoto waliolala chini ya shitingi. Aibu yao.

Na mzazi, kabla ya kutoa hata franga moja, amwambie komisioneri afungue fomu mbele ya mtoto na asome kwa sauti: pale panapouliza kama mwanafunzi anahitaji msaada, ameandika ndiyo ao hapana?