Kutoka Narrabeen hadi Makupa: Bahari hudai njia yake

Kaskazini mwa jiji la Sydney, nchini Australia, kuna ziwa la maji chumvi liitwalo Narrabeen, lililozungukwa na nyumba za watu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 2 tu. Hata hivyo, kila baada ya miaka kadhaa, mitambo huchimba mchanga kwenye mdomo wa ziwa hilo, na malori huupeleka kwenye ufukwe wa jirani unaoliwa na mawimbi. Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini mji tajiri kama Sydney ulazimike kurudia kazi hiyo hiyo miaka nenda miaka rudi?

Jibu liko kwenye kujaa na kupwa kwa maji. Maji yanapojaa, mawimbi huingiza mchanga. Yanapokupwa, mkondo wa kutoka huwa dhaifu na hauwezi kuurudisha wote baharini, hivyo mdomo huziba kidogo kidogo. Maji ya ndani yasipobadilishwa, oksijeni hupungua, mimea ya majini huoza, samaki hufa na wakazi huanza kulalamikia harufu.

Mvua kubwa zikinyesha, balaa huwa zito zaidi, kwani maji ya vilimani hukosa pa kutokea. Hapo ndipo baraza la mji la Northern Beaches hupeleka mitambo kufungua mfereji, na wakati unaofaa ni pale bahari inapoanza kupwa, ili mkondo wenyewe usaidie kusukuma mchanga. Pamoja na juhudi hizo, mwezi Machi 2022 mafuriko yalivikumba vitongoji vya eneo hilo.

Ikumbukwe kuwa ziwa la aina hii huziba na kufunguka lenyewe. Kabla ya nyumba kujengwa, maji yalikuwa yakipanda hadi yanavunja mchanga na kutoka, na hakuna aliyedhurika. Leo nafasi ya maji kupanda imechukuliwa na sebule za watu. Kwa hiyo tatizo si mchanga peke yake, bali ni mahali nyumba zilipowekwa.

Mamlaka za huko zinaonekana kulitambua hilo. Baada ya mitaa ya mifereji kama Sylvania Waters, kusini mwa Sydney, kuanza kujengwa miaka ya 1960, serikali ya jimbo la New South Wales ilipiga marufuku mitaa mipya ya aina hiyo mwaka 1997. Mjini Adelaide, ziwa la mtaa wa West Lakes lilipangiwa mzunguko tangu mwanzo: maji ya bahari huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kwa kupitia milango maalumu. Lakini milango hiyo nayo inahitaji matunzo na fedha kila mwaka.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Mombasa inalo jibu. Tuta la Makupa, lililojengwa mwaka 1929 kuunganisha kisiwa na bara, lilikata mkondo kati ya hori za Tudor na Port Reitz. Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa Agosti 2022, na moja ya malengo yake lilikuwa kurejesha mkondo huo. Zaidi ya miaka 90 ilipita kabla ya bahari kufikiriwa njia yake, na gharama ilifikia mabilioni ya shilingi za Kenya.

Pwani yetu ina bahati moja: tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4 Mombasa na Zanzibar, wakati Sydney ni kama mita 2. Bahari yetu ina nguvu ya kujisafisha yenyewe, mradi isizibwe. Lakini mikoko inakatwa, hori zinafukiwa na viwanja vinauzwa, vingine vikinunuliwa na ndugu zetu walioko ughaibuni ambao wameviona kwenye picha tu, tena maji yakiwa yamekupwa.

Kabla ya kutuma fedha, ni vyema mnunuzi amuulize muuzaji swali moja: siku ya bamvua na mvua ya masika, maji ya hapa hutokea wapi?