Fundi Yuko Njiani



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani ule uzi mwembamba wa kioo, tunaouita faiba, unaoingia majumbani na kutuletea intaneti pamoja na televisheni. Nyumba nyingi za parokia yetu hapa Dar es Salaam zimekwisha kuunganishwa, na nyingine zinafikiria kufanya hivyo. Yaliyotupata yaweza kuwafaa.

Vijana wawili wa mauzo walipofika katika nyumba ya mapadre, walikuwa na adabu na maneno matamu. Waya mmoja, malipo ya mwezi mmoja, na kila kitu ndani yake. Mmoja wao alitazama paa, akauliza, "Padre, antena hii sasa ni ya nini?" Tukaishusha.

Tuseme haki. Kwa miezi saba hatukuwa na la kulalamikia. Sisi tunaokumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipokuwa bado haujaanza kazi katika pwani yetu na mawasiliano na ng'ambo yakitegemea sana satelaiti, tunajua hatua iliyopigwa. Enzi hizo tulituma barua pepe yenye picha moja, tukaenda kunywa chai, tukarudi na kuikuta ingali safarini.

Kisha mama mmoja mzee wa jumuiya ya jirani alifiwa na dada yake aliyeishi Ujerumani. Hakuwa na uwezo wa kusafiri. Watoto wa marehemu walipanga kuonyesha maziko moja kwa moja kupitia intaneti, nasi tukamwambia, "Njoo kwetu, mama, utaona kila kitu kwenye televisheni kubwa." Tulimwahidi bila kufikiri mara mbili.

Siku tatu kabla ya maziko, taa nyekundu iliwaka kwenye kisanduku cha faiba. Intaneti na televisheni zikazimika kwa pamoja. Tulipopiga simu kwa kampuni tulijibiwa, "Fundi yuko njiani." Siku ya pili tulijibiwa hivyo hivyo. Asubuhi ya maziko tuliambiwa, "Yuko njiani, Padre, kabla ya saa sita atakuwa amefika." Tukaamini, tukapanga viti.

Mama alifika saa nne akiwa na majirani wawili, wamejifunga kanga kama waendao msibani. Saa sita ikapita. Saa nane maziko yakaanza huko Ujerumani, na fundi hakuonekana. Tulichukua simu ya katekista tukajaribu kwa bando. Picha ilikuwa ndogo kwa macho yake, tena ikakwama mara kwa mara, na sauti ikaja vipande vipande. Mwishowe mama akasema, "Basi, Baba. Nimesikia sauti ya mwanawe. Inatosha." Tulijua kwamba haikutosha.

Fundi alikuja siku mbili baadaye, kijana mchovu, viatu vimejaa vumbi. Alitueleza kwamba wachimbaji wa mtaro barabarani walikuwa wameukata uzi. Tulipomuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, alishangaa. "Padre, kazi hii nimepewa leo asubuhi."

Kumbe hapakuwa na fundi yeyote njiani.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Uzi kukatika ni ajali. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota hapa Tanzania, Kenya na nchi jirani. Watumiaji walielezwa chanzo. Walinung'unika, lakini walijua kilichotokea na wakajipanga. Hata uzi wa mtaani hauungwi kwa dakika mbili: fundi hupima mwanga unakoishia, husafisha ncha mbili za kioo, huziyeyusha kwa joto mpaka zishikane. Hakuna mwenye busara atakayedai miujiza.

Kilichotuumiza ni neno lisilo kweli. Masista wa jirani wanatumia kampuni nyingine, na kwao ni mwendo wa robo saa. Kama asubuhi ile tungeambiwa, "Leo hatutaweza," mama angezika dada yake akiwa ameketi sebuleni kwa masista. Watasema kwamba kampuni haiwezi kujua saa kamili ya kila fundi. Ni kweli. Basi iseme, "Bado hatujui." Jibu hilo lina heshima, kwa maana humwachia mteja nafasi ya kutafuta njia nyingine.

Nasi tunakiri kosa letu. Jioni ya maziko tulipiga simu tukamfokea binti aliyepokea. Alisubiri tukamaliza, kisha akasema taratibu, "Padre, mimi nasoma kilichoandikwa mbele yangu. Hata mimi sijui fundi yuko wapi." Tuliona aibu. Anayepokea simu hana uwezo, na mwenye uwezo hapokei simu. Waliopanga kazi namna hiyo wamemweka binti yule awe ngao yao.

Kwa hiyo, wapendwa, msizishushe antena zenu. Huduma ikikatika, andikeni tarehe, saa, na namba ya lalamiko mliyopewa. Ombeni kwa maandishi kufidiwa siku zilizopotea. Kampuni isiposikia, malalamiko hupokelewa na TCRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kisheria kututetea. Semeni kwa uthabiti, lakini msimtukane binti wa simu.

Watoto wa marehemu walituma baadaye picha zilizorekodiwa. Mama alikuja akazitazama zote, akatushukuru. Alipokuwa akitoka alisema, "Nimeona, Baba. Lakini sikuzika." Tulimwomba radhi, maana ahadi ya kwanza iliyovunjika ilikuwa yetu.

Antena imerudi juu ya paa. Tukutane juma lijalo.