Kadi ya mshahara si dhamana: tuzitoe kadi zetu kwa Banki Lambert



Tukisikia watu wa Ulaya na Marekani wanaongea juu ya kadi ya mkopo, wengi wetu tunafikiri ni sawa na ile kadi baba ao mama anatumia kutoa mshahara kwenye mashine. Siyo. Kule, kadi ya mkopo inakupa feza ambayo si yako: unanunua leo, banki inalipa, mwisho wa mwezi unarudisha, na ukichelewa riba inaanza kutembea. Kadi ambayo karibu sisi wote tunajua hapa inatoa tu feza iliyo tayari kwenye konti. Haikukopeshi hata franka mia. Lakini hapa Bukavu tumefaulu kuigeuza kuwa kadi ya mkopo kwa njia yetu: tunaipeleka kwa mtu wa Banki Lambert, tunamwachia pamoja na namba ya siri, na tangu siku ile ni yeye njo anatoa mshahara. Kadi ya Ulaya inakupa feza ya mwingine. Ya kwetu inamupa mwingine feza yako.

Kwa wale ambao hawajaingia bado mu hiyo shimo: Banki Lambert si banki. Haina jengo, haina kibali cha Banki Kuu. Ni mtu. Anaweza kuwa kambisti, mama wa biashara, mkubwa fulani wa ofisi, hata mwalimu mwenzako. Unamwomba dola 100, anakupa palepale, bila fomu, bila kukuuliza uliza. Mwisho wa mwezi anangojea 130 ao 150. Kiasi cha riba kinategemea ukubwa wa shida anaoona mu macho yako.

Mimi nilisoma uchumi. Kazi sijapata, lakini mu kartie watu wananiletea madaftari yao ya deni niwapigie hesabu, na ni hesabu hizo njo zimenikalisha macho. Baba mmoja mwalimu alikopa dola 200 ili mke wake atoke hospitali baada ya kupasuliwa. Unajua jinsi wanavyomzuia mama na mtoto mpaka fakture ilipwe. Riba ilikuwa 40 kwa mia kwa mwezi, maana yake dola 80. Mshahara wake haufiki dola 180. Kila mwezi mkopeshaji alikata 80 yake, akamwachia baba kinachobaki. Hiyo ilidumu miezi 14. Piga hesabu: amelipa dola 1,120. Nilipomuuliza iko na deni ya ngapi sasa, alinijibu bila kushangaa: "200." Kwa sababu zile 80 zote zilikuwa riba tu, deni lenyewe halikuguswa hata siku moja.

Na huyu alikuwa analipa. Usipolipa kabisa, na riba ikawekwa juu ya riba, dola 100 kwa 50 kwa mia inakuwa 150, kisha 225, kisha 337, na mwisho wa mwezi wa sita umefika 1,139. Hakuna duka, hakuna moto, hakuna shamba mu Kivu yote inayoweza kukuzalia feza kwa mwendo huo. Mtu akikuambia anakopa Lambert ili aanzishe biashara, mwulize ni biashara gani inaleta nusu ya mtaji kila mwezi kabla hajala.

Najua jibu, ju ya tumelisikia hata mu mikutano yetu: "Lakini Lambert anatusaidia, banki zinatukataa." Ni kweli kwamba banki zinapenda watu wenye nyumba na karatasi. Ni kweli pia kwamba mkopeshaji anaweza kupoteza: mtu anahama, anakufa, anakana. Riba ni bei ya hiyo hatari. Sawa. Sasa nieleze: yule mwenye kadi yako na namba yako ya siri, hatari yake iko wapi? Mshahara unaingia, yeye njo wa kwanza kuugusa, kabla yako. Hata banki ya kweli haina usalama unaopita huo. Kama riba ni bei ya hatari, basi mwenye kushika kadi angepaswa kuomba riba ndogo kuliko watu wote mu mji. Yeye anaomba kubwa kuliko wote. Kwangu mimi huo si mkopo tena. Ni kununua mshahara wa mtu kwa bei ya chini na kumwachia kazi aendelee kuifanya.

Siku mshahara unapoingia, simama kidogo mbele ya mashine. Utaona mtu mmoja anachomoa kadi, anaweka nyingine, anachomoa, anaweka, na kijikaratasi cha namba mkononi. Nyuma yake walimu na manesi wanangojea juani wagawiwe kinachobaki cha jasho lao. Mlinzi anamsalimu, ni mteja wa kila mwezi. Hakuna anayeuliza.

Tusiwacheke wale wazee. Mwalimu ambaye mshahara unachelewa na mwenye nyumba hachelewi, afanye nini? Na kuna hali mbaya zaidi, ile ya walimu wanaoitwa NU na NP: wanafundisha, wanatia alama, wanasimamia mitihani, lakini hawajaingia kwenye listi ya malipo. Tangu 2019 masomo ya msingi hayalipiwi na wazazi, na ni vizuri, lakini ile feza ya wazazi njo ilikuwa inawashika wengi wao. Wanaishi kwa deni wakingojea listi. Siku wanapolipwa, mshahara wa kwanza iko na wenyewe zamani. Deni hilo mwenye kulianzisha ni serkali, hata kama sahihi ni ya mwalimu.

Sisi vijana tuko na madeni yetu mengine, na hayo sitayatetea. Simu ya dola 300 kwa mtu anayeomba inite kwa wenzake. Kubeti. Harusi ambayo komite yake imekula zaidi ya mwaka mzima wa kodi ya nyumba. Kuna pia ile "motivasyon" ambayo mtoto wa watu anakopa ili ampe mtu fulani kwa kazi ambayo haiko. Na wengine wamemwachia mkopeshaji diplome kama dhamana, kisha tangazo la kazi linatoka na hawana karatasi ya kuonyesha. Diplome haina bei sokoni. Anaishika ju ya anajua bila hiyo huwezi kusogea.

Kitu kingine kinachotuua kimyakimya ni kukopa mu dola wakati tunalipwa mu franka. Mwanzo wa 2016, dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Aliyekopa dola 100 bila riba hata moja, deni lake lilipanda kutoka franka 93,000 mpaka 160,000 na yeye amekaa tu. Mwaka 2024 ilikuwa karibu na 2,800. Ukilazimika kukopa na mapato yako ni ya franka, omba mkopo wa franka. Mkopeshaji akikataa, ujue anaogopa kitu gani, na ujue hiyo hofu ameiweka juu ya kichwa yako.

Sasa tuje kwa polisi, ju ya hapo njo wengi wanavunjika.

Ukishindwa kulipa, Lambert haendi tribunali. Anaenda kwa OPJ anayemjua. Karatasi ya kuitwa inaandikwa "udanganyifu" ao "kuvunja uaminifu", unafungiwa kasho, familia inakimbia kukopa kwa Lambert mwingine ili utoke, na amande inabaki pale. Wandugu, deni ni mambo ya madai, si kosa la jinai. Congo imekubali tangu 1976 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, na kifungu cha 11 kinasema mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Katiba yetu, kifungu cha 18, inataka mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, mu luga anayoelewa, na hawezi kuzuiliwa na polisi kupita saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kwa upande mwingine, sheria yetu ya jinai inaadhibu yule anayetumia shida, udhaifu ao ujinga wa mkopaji ili apate riba inayopita kipimo. Kwa hiyo kati ya wale wawili mbele ya OPJ, mwenye kosa la jinai anaweza kuwa yule aliyeleta mashtaka. Angalisho moja: ukitoa sheki wakati konti haina feza, ao ukikopa kwa karatasi za uongo, pale umetoka kwenye deni na umeingia kwenye kosa kabisa. Usichanganye.

Kutoka unatokaje? Kwanza kadi. Kadi ni mali ya banki, na mkataba uliosaini unakukataza kumpa mtu mwingine namba ya siri. Unaenda kwenye banki na kitambulisho, unaomba wazuie ile kadi na wakupe mpya yenye namba mpya. Kuna feza kidogo ya kulipa. Halafu usikimbie. Mwite mkopeshaji, na shahidi mmoja anayeheshimika, baba wa avenue ao mchungaji, na uweke daftari mezani: nilipokea ngapi, tarehe gani, nimelipa ngapi. Kama kiasi ulichopokea bado hakijarudi, utakirudisha kwa vipande, mkononi mwako, kila kipande na karatasi yenye sahihi mbili. Mimi sisemi mtu asilipe alichopokea. Wakopeshaji wengine ni wajane wa jirani, feza ile njo wanaishi nayo. Lakini yule baba wa dola 1,120 amesharudisha dola 200 zake zaidi ya mara tano, na hapo mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Alipoonyesha daftari mbele ya mashahidi, mkopeshaji alikubali dola 60 za mwisho na kadi ikarudi. Alipiga kelele kwanza, kweli. Kisha alihesabu yeye mwenyewe.

Ukiwa na madeni mengi, wengi wanapenda kumaliza lile dogo kwanza ili wapumue. Naelewa. Lakini panga kwa riba, si kwa ukubwa: dola 50 za Lambert zinakula kuliko dola 200 ulizokopa kwa shangazi. Zungumza na shangazi, mwombe muda, na tupa kila franka kwa Lambert mpaka aishe. Uliza pia avansi juu ya mshahara pale pale mshahara unapopitia. Banki nyingi ziko nayo; uliza riba yake inahesabiwa kwa mwezi ao kwa mwaka. Ukisikia "15 kwa mia kwa mwaka" na "40 kwa mia kwa mwezi", usione kama ziko mu familia moja.

Na kwa shida za kesho, kuna AVEC. Mama zetu wa Kadutu na Panzi wanaifahamu kuliko sisi wenye diplome: watu 15 mpaka 30 wanaojuana, kila wiki kila mmoja ananunua hisa moja mpaka tano, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na mkopo usiopita mara tatu ya akiba yako. Riba iko pia, mara nyingi 5 ao 10 kwa mia kwa mwezi, na kwenye karatasi hiyo ni ghali. Lakini mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa na riba inarudi kwa walewale walioilipa. Ya Lambert inaenda kujenga etaji yake. Tuwe wakweli: AVEC zinakufa pia, hasa pale mtu mmoja anashika funguo zote tatu "ju ya wengine wako busy", na pale watu wanakopa mu AVEC moja ili walipe nyingine. Kufuli tatu si mapambo.

Kuna kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya peke yake. Tunataka wakurugenzi wa shule wasipokee tena wakopeshaji mu ofisi zao siku ya mshahara. Tunataka banki zimkataze mtu mmoja kusimama kwenye mashine na kadi kumi. Kamera wanayo, wanamwona. Tunataka parke ifungue hata dosie moja ya riba haramu mu mji huu. Na walimu NU walipwe. Kila mwezi wa kuchelewa una mnunuzi wake anayengojea.

Kwa wale ambao kadi zao ziko inje wakati mnasoma haya: chukueni kadi ya uchaguzi, muende banki Jumatatu. Kuzuia kadi hakuhitaji ruhusa ya mkopeshaji. Daftari la deni mkikosa wa kulipiga hesabu, leteni, tuko hapa, kazi nyingine hatuna.